Bunia: kupanda gari katikati ya muji wakati mutu hawezi kuruka mufereji

Katika Bunia, mutu mwenye kutembea muzuri hajiulize gari imesimama fasi gani. Anaruka mufereji, anapita katikati ya pikipiki mbili, anashika mulango, anaingia. Ile yote inachukua sekunde kumi. Kwa mutu mwenye magongo, kwa muzee, kwa mama mwenye mimba kubwa na mufuko mukononi, kwa kipofu, zile sekunde kumi ndiyo safari yenyewe. Kilometre zenye zinabaki mupaka Mongbwalu ao Kasenyi, gari itazifanya.

Wakati tunazungumuza juu ya usafiri wa walemavu, mara nyingi watu wanafikiri magari ya pekee, yale ya Ulaya yenye yanashuka chini mbele ya kiti cha magurudumu. Yale hatuna, na hatutayapata kesho. Lakini shida kubwa ya Bunia haiko ndani ya gari. Iko katika metre mbili ao tatu kati ya barabara na mulango. Na zile metre, muji wetu unaweza kuzitengeneza na simenti, rangi, na amri moja yenye kufuatwa.

Muji wenye ulipangwa kwa magari kidogo

Katikati ya Bunia ilipangwa wakati wa Wabeleji: barabara za kunyooka, maduka yenye baraza ya juu, ofisi za serikali karibu na biashara. Wakati ule magari yalikuwa ya kuhesabu. Kisha muji ukapewa kazi mingi kupita kimo chake. Kuanzia 1962 mupaka 1966 Bunia ilikuwa makao makuu ya jimbo la Kibali-Ituri. Kisha ikarudi kuwa kichwa cha distrikti, na mwaka wa 2015, wakati Province Orientale iligawanywa, ikakuwa makao makuu ya jimbo la Ituri. Leo muji uko na komine tatu, Mbunya, Nyakasanza na Shari, na nyumba zinapanda kila upande. Lakini fasi ya kununua, ya kuingia benki, ya kutafuta karatasi na ya kupanda gari zimebaki karibu palepale: Boulevard de Libération, soko kuu, na barabara zenye zinazizunguka.

Vita iliongeza uzito. Ile ya 1999 mupaka 2003 ilipiga muji wenyewe, mupaka askari wa Ulaya wa Operesheni Artemis wakakuja katika mwezi wa 6 mwaka wa 2003. Ile yenye ilianza tena Djugu mwisho wa 2017 ilileta maelfu ya watu wenye walikimbia vijiji vyao, na wengi wako bado katika kambi ya Kigonze na kwa jamaa zao katika makartie. Kwa hiyo watu wameongezeka kwenye barabara ileile. Na kati yao kuko wenye walikatwa na panga, wenye walipigwa risasi, wenye walipoteza muguu. Ongeza wale wenye polio iliwashika wakiwa watoto, wenye aksida ya pikipiki iliwavunja, na wazee wetu wenye magoti imechoka. Shirika la afya la dunia, OMS, linakadiria kama mutu mumoja kwa watu sita katika dunia anaishi na ulemavu mukubwa. Hesabu ile ni ya dunia yote, hata ya inchi zenye hazijaona vita.

Hatuna vituo, tuko na parkingi

Mugeni mwenye anatoka muji mukubwa anaweza kutafuta kituo cha basi: kibao, kiti, paa kidogo juu ya mvua. Hapa kwetu gari inasimama fasi mutu anainua mukono. Kwa safari za mbali kuko parkingi: magari ya Mahagi yako na upande wao, ya Komanda upande wao, ya Mongbwalu na Kasenyi vilevile. Unafika, makomisionere wanakuvuta mukono, wanabeba muzigo wako mbele hujasema unaenda wapi.

Hii namna yetu iko na uzuri wake, na sipendi tuidharau. Gari inakufikia karibu na nyumba. Motari anaingia mupaka kwenye mulango wa hospitali. Na wamotari mingi, hata kama tunawasema vibaya kila siku kwenye radio, wanashuka wenyewe kumuinua muzee na kumuweka juu ya kiti. Basi ya Kinshasa haifanye vile.

Lakini fasi ya kusimama yenye haijulikane, haiwezi kutengenezwa. Hauwezi kufunika mufereji kwenye muji muzima. Unaufunika fasi yenye unajua kama watu watapandia pale, leo na kesho. Hauwezi kuweka benchi fasi gari itasimama tu kama polisi hayuko. Kipofu anajifunza njia kwa kuhesabu hatua na kwa kusikia: hapa kuko kinu, hapa kuko musiki ya duka, hapa parkingi ya Komanda. Kama parkingi inahama kila wakati bei ya nafasi inapanda ao askari anafukuza watu, ile ramani yenye iko katika kichwa chake inavunjika, inaomba aanze upya.

Na mambo ya sauti pia. Kwenye parkingi yetu habari yote inatoka kinywani: «Mongbwalu, Mongbwalu, fasi moja!» Mutu mwenye hasikie hajue gari gani inaondoka. Kipofu anasikia muzuri, lakini sauti inatoka pande ine kwa mara moja na hajue afuate gani. Kibao kimoja chenye jina la muji kwa herufi kubwa, na rangi moja kwa kila njia, kinasaidia yule wa kwanza, na kinasaidia pia mama mwenye hakusoma, kwa sababu rangi haiombe masomo.

Mulango uko upande gani?

Hapa ndiyo tunafika kwenye jambo lenye watu wa Bunia wanaona kila siku bila kuliona.

Katika Congo tunatembeza gari upande wa kuume. Uganda, Kenya na Tanzania wanatembeza upande wa kushoto. Na magari yetu mengi yanatoka kule: yanashuka kwenye bandari ya Mombasa, yanapita Uganda, yanaingia kwa Mahagi ao kwa Kasindi. Mengi yalitengenezwa kwa barabara za Japani, kwenye wanatembeza pia upande wa kushoto. Usukani uko kuume. Na kama ni basi ndogo ya kubeba watu, ule mulango wa kuvuta uko kushoto. Japani, kushoto ndiyo upande wa trotwari. Ile gari ikisimama Bunia pembeni ya barabara, upande wake wa kuume unaelekea mufereji na upande wake wa kushoto unaelekea katikati ya barabara.

Kwa hiyo musafiri anapanda na anashuka katikati ya magari na pikipiki zenye zinapita. Si kwa kosa la shoferi. Gari yenyewe inafungukia pale. Mutu mwenye miguu anaangalia nyuma, anaruka, anakimbia pembeni. Mutu mwenye magongo anaweka gongo la kwanza juu ya lami, na motari mwenye anakuja nyuma ya gari hawezi kumuona mupaka amemufikia. Mutoto mwenye anashuka wa kwanza wakati mama angali analipa, ni hatari ileile.

Kinshasa imekwisha kukataza kuingiza magari ya usukani wa kuume. Lakini huku mashariki yangali yanapita, kwa sababu ndiyo yako karibu na ndiyo yako na bei ya chini. Kungojea yote yaishe ni kungojea miaka mingi. Basi inaomba tupange fasi ya kusimama kwa kufuata gari yenye iko, hapana ile yenye tunatamani.

Na ile inawezekana. Ndani ya parkingi yenye uwanja wake, inje ya barabara, shoferi anachagua namna anaegemeza gari. Akiingia kwa upande unaofaa, mulango wa kushoto unaangalia ukuta ao baraza ya kungojea, hapana barabara. Inaomba tu njia moja ya kuingia na ingine ya kutoka, mistari ya rangi chini, na mukubwa wa parkingi mwenye anakubali kusema hapana kwa gari yenye inapakia watu inje. Jioni, wakati wote wanakimbilia kurudi, ndiyo wakati wa kupima ile amri.

Jirani zetu wa Dar es Salaam walifikiri karibu na namna ile. Mabasi yao ya mwendo kasi, yenye yalianza kazi katika mwezi wa 5 mwaka wa 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yako na vituo katikati ya barabara, na mulango unafungukia kwenye kituo. Sakafu ya kituo iko sawasawa na sakafu ya basi. Mutu wa kiti cha magurudumu anasukuma tu, hakuna ngazi. Hatuna franka za mradi kama ule, na Boulevard yetu haina upana ule. Lakini mawazo mawili tunaweza kuyachukua bure: kituo kinawekwa upande wenye mulango unafungukia, na sakafu ya kungojea inapanda mupaka karibu na sakafu ya gari. Tusisahau tu kama kule pia, saa za asubuhi, watu wanajaa mupaka mulemavu anaacha basi tatu zipite. Sakafu sawa haimusaidie mutu kama hakuna mwenye anapanga musitari.

Mufereji, mbao na dale

Mvua ya Ituri haina huruma, na bila mifereji Boulevard ingekuwa muto. Hakuna mwenye anataka tuifunge. Shida ni namna tunaivuka: mbao mbili zenye mwenye duka aliweka, zenye zinacheza, zenye usiku zinaibwa juu ya kuni. Gurudumu ya kiti inaingia kati ya mbao. Gongo linateleza juu ya matope.

Dale ya betoni yenye vyuma ndani inamaliza ile shida kwa miaka mingi, na fundi wa kila kartie anajua kuitengeneza. Hesabu zake zinajulikana katika dunia nzima. Upana wa kupita kiti cha magurudumu ni karibu sentimeta 90. Kwa kugeuka inaomba metre 1 na nusu. Muteremuko muzuri ni moja kwa kumi na mbili: kama baraza imepanda sentimeta 15, njia ya kushuka inaomba metre 1 na sentimeta 80. Watu wengi wanajenga fupi kuliko ile, kwa kuokoa simenti, na inakuwa ukuta wenye kulala: kwa macho ni njia ya walemavu, lakini hakuna mulemavu mwenye anaweza kuipanda peke yake.

Dale iwe ya kuinuliwa, na vishiko vya chuma, kwa sababu mifereji yetu inajaa mifuko na chupa za plastiki, na wale wa salongo watahitaji kuisafisha. Matundu ya kupitisha maji yasipite sentimeta moja na kidogo. Kama ni makubwa, gurudumu ndogo ya mbele inanasa pale. Na juu yake simenti isiwe laini kama ya ndani ya nyumba. Ikwaruzwe na ufagio mbele haijakauka. Ule mukwaruzo unasaidia pia kipofu: muguu na fimbo vinasikia kama sasa amefika kwenye fasi ya kuvukia. Wajapani walitoa wazo hili la kusoma na miguu, na mawe yao ya vipele yaliwekwa mara ya kwanza katika muji wa Okayama mwaka wa 1967. Sisi tunaweza kuanza na ufagio.

Benchi pia isisahauliwe. Kimo cha sentimeta 45 kinatosha, chini ya paa. Muzee mwenye anakaa chini kabisa juu ya jiwe, gari ikifika hainuke kwa wakati, na nafasi inaenda.

Pikipiki

Kwa safari za ndani ya muji, wengi wetu tunapanda moto. Kiti cha pikipiki kiko karibu na sentimeta 80 juu ya udongo. Mutu wa muguu mumoja anapanda vizuri kama pikipiki imesimama chini na yeye anasimama juu, kwa mufano kwenye baraza ya sentimeta 30. Jiwe kubwa, ngazi moja ya betoni kwenye fasi ya wamotari, inageuza kila kitu. Hii ni kazi ndogo sana mupaka inashangaza kama haijafanywa kila fasi.

Lakini wamotari wenyewe wanajipanga juu ya trotwari, fasi ileile yenye watu wa miguu wangepita, na mwenye kiti cha magurudumu anateremukia barabarani kwa kuwazunguka. Kuwafukuza na fimbo ya polisi hakujasaidia: wanarudi kisha nusu saa, na faini imeingia mufukoni mwa mutu. Wapewe fasi yenye kupigwa rangi, karibu na soko lakini si juu ya njia ya watu, na vyama vyao viichunge vyenyewe. Fasi kumi za pikipiki zinachukua nafasi ya gari mbili tu.

Bei ya kiti

Kuko kizuizi chenye hakionekane. Mutu mwenye kinga ya magurudumu tatu ao kiti, mara mingi anaambiwa alipe nafasi yake na nafasi ya kiti, kama vile ni muzigo wa ndizi. Shoferi naye ana sababu yake: anarudisha versema kwa mwenye gari kila jioni, na kiti kinachukua fasi ya mutu. Kule Goma, kwenye mupaka na Gisenyi, kinga za walemavu zimekuwa kazi: wanabeba bidhaa za watu, na wanajulikana na kila duanye. Hapa bado zinaonekana kama muzigo. Kupatana kwa ACCO, chama cha mashoferi, na vyama vya walemavu, juu ya bei moja yenye kuandikwa kwenye kibao cha parkingi, kungemaliza mabishano ya kila asubuhi. Kiti chenye kukunjwa kinaenda juu ya gari pamoja na mizigo ingine, bure. Kwa ile kubwa yenye haikunjwe, waseme bei, na isipite ya mutu.

Sheria inasema nini

Watu wengi wanaomba mambo haya kama huruma. Hayako huruma. Katiba ya 18 mwezi wa 2 mwaka wa 2006, katika kifungu cha 49, inasema mutu mwenye ulemavu na mutu muzee wako na haki ya ulinzi wa pekee unaolingana na mahitaji yao. Mwaka wa 2015 Congo ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 9 kinataja usafiri na barabara kwa jina. Tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka wa 2022 ikatoka sheria ya inchi, nambari 22/003, juu ya kulinda na kuinua haki zao.

Kwa hiyo chama chenye kuandikia burugumesta wa komine, ao meri, hakiombe sadaka. Kiandike nambari ya sheria juu ya barua, kipige picha ya fasi yenyewe, kitaje mufereji gani na parkingi gani. Barua yenye inasema «mutusaidie walemavu» inawekwa katika droo. Barua yenye inasema «dale mbili za metre 1 na nusu mbele ya parkingi ya Mongbwalu» inaomba jibu la ndiyo ao hapana. Tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka wa 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na wengine wanasema katika wakati wa vita hatuwezi kuzungumuza juu ya trotwari. Lakini kodi ya parkingi inalipishwa kila siku, hata katika wakati wa vita. Ni haki kuuliza kama sehemu yake inarudi pale ilitoka.

Wakati wa kuanza uko karibu kila mwaka kwa tarehe ileile. Tarehe 3 mwezi wa 12 ni siku ya watu wenye ulemavu katika dunia. Kunakuwa mikutano, wakubwa wanasema maneno, na walemavu wanafika kwa shida kuisikiliza. Ni pia mwanzo wa miezi ya jua kwetu, kuanzia mwezi wa 12 mupaka wa 2, wakati mifereji inakauka na betoni inaweza kulala siku zake bila mvua kuiosha. Kisha mwezi wa 3, maji inarudi.